Siku Kumi na Moja za Mama

Hofu ya kwanza ilinikuta kwenye foleni ya dirisha la forodha, pale mpakani Rusumo, nikiwa na makaratasi ya lori la ngano lililokuwa linavuka kwenda Kigali. Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Kazi ya uwakala wa forodha nilikuwa nimeifanya miaka kumi na minne, na makaratasi yale ningeweza kuyajaza nimefumba macho. Hakuna aliyenigombeza, hakuna gari lililokwama. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio kana kwamba umepata habari ambayo mimi sijaambiwa bado. Vidole vikafa ganzi, hewa ikagoma kushuka kifuani, na nikajua, nikajua kabisa, kwamba ninakufa. Nilimkabidhi makaratasi mtu aliyekuwa nyuma yangu, nikakaa chini sakafuni mbele ya madereva na maofisa, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, kitambulisho kikining'inia shingoni.

Walinikimbiza hospitali. Moyo ukapimwa, damu ikapimwa, presha ikapimwa mara tatu. Kila kitu kizima. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu zaidi kuliko ugonjwa. Lakini siku zilizofuata hali ile ilinirudia, mara nikiwa kanisani, mara nikiwa saluni kichwa kimesukwa nusu, na ikafika mahali nikawa naiogopa kabla haijaja. Nikiamka tu, kitu cha kwanza ni kutega sikio kifuani kwangu mwenyewe.

Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani anapita siku mbili tatu kwa mwezi. Aliponisikia kwenye simu aliniambia nile vizuri na nipunguze mawazo. Watoto wetu wawili walikuwa shule ya bweni. Hivyo nyumba, na kifua changu, nilibaki navyo peke yangu.

Mara ya pili hospitalini nilimpata daktari kijana, mpole, aliyenisikiliza mpaka mwisho. Aliniambia ninachougua kinajulikana, ni ugonjwa wa wasiwasi, na si wazimu wala si uchawi. Akaniandikia vidonge vidogo, kimoja jioni kwa wiki mbili tu, kisha nirudi tuzungumze.

"Mama, hivi vinasaidia haraka," alisema, "lakini usivizoee."

Nikasema sawa. Nje benchi lilikuwa limejaa, na macho yake yalikuwa yameshamwendea mgonjwa aliyefuata. Simsingizii daktari yule. Alisema. Mimi ndiye niliyesikia sehemu ya kwanza ya maneno yake na kuiacha ya pili pale pale chumbani.

Nitawaambiaje raha ya kidonge kile? Nusu saa baada ya kukimeza, mabega yalishuka. Sikuwa nimejua kwamba kwa miezi nilikuwa nimeyapandisha karibu na masikio. Nilikaa kwenye kochi nikitazama ukuta, na ukuta ulikuwa ukuta tu. Nililala kama mtoto, nikaamka nimechelewa kazini, na sikujali kuchelewa. Ile kutojali ndiyo niliyoipenda.

Wiki mbili zilipokwisha sikurudi kwa daktari. Benako, mji mdogo wa jirani, kulikuwa na duka la dawa ambalo muuzaji wake hakuuliza cheti, nami nikawa mteja wake. Kimoja cha jioni kikaongezewa cha asubuhi, kwa sababu kazini ndiko nilikoanguka mara ya kwanza. Kisha kikaja cha mchana, kwa sababu kile cha asubuhi kilikuwa kinaisha nguvu na hofu ilianza kuchungulia kabla jua halijakaa sawa. Kufikia mwezi wa tano tangu nianze nilikuwa namumunya vidonge kama peremende, na bado nilijiona mtu aliyepona.

Wengine waliona kabla yangu. Mdomo ulikauka hata nikawa natembea na chupa ya maji. Miguu ilikuwa kama ya mtu aliyeshuka kwenye boti; nikiteremka ngazi za ofisi nilishika ukuta. Wenzangu walidhani nimeanza pombe, na mmoja aliniuliza kwa upole kama kuna tatizo nyumbani. Nikaanza kurudia maswali niliyokwisha kujibiwa. Nikaweka sufuria jikoni, nikaikuta imeungua, na sikuweza kukumbuka ni nani aliyeiweka. Mwisho nilikosea namba ya kontena kwenye mfumo, lori likazuiliwa siku mbili upande wa pili wa daraja la mpakani, na bosi wangu akaniita. Hakunifukuza. Aliniambia nichukue likizo yangu yote, nirudi nikiwa mzima. Nilimshukuru, nikaenda nyumbani, nikameza kidonge ili nisifikirie maneno yake. Nisingeweza kuyafikiria hata kama ningetaka. Ninayajua leo kwa sababu aliyaandika kwenye barua.

Habari zikafika Kasulo, kwa mama.

Mama alikuwa na miaka sabini na moja. Aliishi kwenye kiwanja chetu cha zamani pamoja na kaka yangu mkubwa na mke wake, akilima maharage na kuangalia migomba. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Mambo yake yote ya moyoni aliyasema kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani. Alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli, na huko ndiko ulikotoka ugomvi wake na mdogo wangu. Mdogo wangu, mtoto wake wa mwisho, aliolewa Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo, na mkulima Mwislamu, akasilimu. Mama hakupiga kelele. Alisema tu kwamba amezaa watoto watatu na sasa amebaki na wawili. Kwa miaka tisa hakukanyaga nyumba ya mtoto yule, hakupokea simu yake, wala wajukuu waliozaliwa kule hakuwahi kuwabeba. Mdogo wangu alituma salamu kila sikukuu, iwe ya Waislamu au ya Wakristo. Mimi ndiye niliyekuwa nazifikisha, na mama alikuwa anaendelea na kazi yake kana kwamba sijasema kitu.

Aliposikia ninaumwa ugonjwa usioonekana kwenye vipimo, mama alifunga mzigo wake, akapanda gari na mkungu wa ndizi na maharage kwenye kiroba, akaja Rusumo. Alikaa kwangu siku kumi na moja. Idadi hiyo naijua kwa sababu kaka aliihesabu. Mimi nakumbuka vipande vitatu tu.

Kipande cha kwanza: mama yuko mlangoni, kitenge chake cha kijani kina vumbi, nami nasema shikamoo. Anaitikia, ananishika kidevu, ananitazama macho.

Cha pili: tuko nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha ukuta, amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage uko mapajani, anachambua. Midomo yake inatembea. Namwona akitoa mawe madogo na kuyatupa pembeni, namwona akitulia kidogo kutafuta neno. Sauti haipo. Nimekaa na kipande hiki nikikitegea sikio mpaka kichwa kinauma, na sauti haipo.

Cha tatu: mgongo wake akipanda gari la kurudi.

Siku ya nane baada ya kufika nyumbani Kasulo, asubuhi, mama alikuwa ananawa miguu uani baada ya kutoka shambani. Mke wa kaka alisikia beseni likipinduka. Alipofika, mama alikuwa ameegemea ukuta, mdomo umeenda upande mmoja, na hakuzungumza tena. Kabla jua halijazama alikuwa amekwenda.

Nilimeza vidonge viwili kabla ya kupanda gari la kwenda msibani. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu nilifikiri: hivi vitanibeba. Vilinibeba kweli. Nilifika kwenye kiwanja tulichokulia, wanawake wakanipokea kwa kilio, nikawakumbatia mmoja mmoja, na macho yangu yalikuwa makavu kama kokoto. Nilijua kwamba mama amekufa, kama unavyojua jina la mkoa. Kwenye mkeka, katikati ya wanaolia, nilipitiwa na usingizi mchana kweupe. Shangazi yangu aliniamsha kwa kunifinya. Walipomshusha kaburini, kando ya migomba yake, nilisimama mstari wa mbele nikiwaza kwamba kamba ya kushushia jeneza ni fupi. Nikarusha udongo wangu. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma akimwambia mwenzake kwamba mtoto huyu ana roho ngumu.

Mdogo wangu alikuja. Alifika na mume wake, amevaa ushungi, akakaa pembeni na akina mama wa jikoni kwa sababu hakujua kama ana haki ya kukaa kwenye mkeka wa wafiwa. Yeye alilia kwa ajili yetu wote. Alilia mpaka sauti ikakatika.

Tulipomaliza matanga tulikaa kikao cha familia, kaka, mdogo wangu, mimi na shangazi. Kaka alizungumza kuhusu mashamba na vitu vya mama, mambo ambayo hayakuwa na ugomvi. Halafu akanigeukia. Akasema kwamba mama alirudi kutoka Rusumo akiwa tofauti, kimya lakini mwepesi, na alipomuuliza kulikoni alimjibu kwamba yote aliyokuwa nayo moyoni ameshamwambia mtoto wake mkubwa wa kike, na huyo ndiye atakayewaambia wengine wakati ukifika.

"Sasa wakati umefika," kaka alisema. "Alikwambia nini?"

Nilifungua mdomo. Ninakumbuka walivyokuwa wananitazama, na mdogo wangu alivyoshika pindo la ushungi wake kwa vidole viwili. Nilitafuta. Nilikuta ungo, kigoda, maharage.

"Sikumbuki," nikasema.

Kaka alidhani sijaelewa swali, akalirudia. Nikasema tena sikumbuki, nikaanza kueleza habari za vidonge, na nilivyokuwa nikieleza niliona mimi mwenyewe jinsi maneno yale yalivyosikika. Mtu anaweza kusahau alipoweka ufunguo. Nani anasahau wosia wa mama yake, na hata mwezi haujaisha? Shangazi alisema niachwe, nina majonzi. Lakini watu wote kwenye kikao kile walikuwa wameniona sitoi chozi.

Sikujua bado kwamba kuna shahidi. Jirani yangu wa Rusumo, Msukuma, mke wa fundi wa magari, alikuja Kasulo kutoa pole siku iliyofuata. Mtu mwema, alitaka kutufariji. Akamkuta mdogo wangu nje anaosha vyombo, na bila kujua anaongea na nani, akamsimulia jinsi mama yetu alivyokuwa na mapenzi. Akasema kila siku alituona tumekaa nyuma ya nyumba, mama akizungumza na mimi nikimjibu. Akasema alasiri moja alituona tumeshikana mikono, tunalia wote wawili, na kwamba yeye Kihangaza hakijui, lakini jina moja alilisikia likitajwa tena na tena. Akalitaja jina lenyewe.

Lilikuwa jina la mdogo wangu.

Nimelifikiria jambo hili kuliko jingine lolote maishani mwangu. Nililia. Mimi, niliyeshindwa kulia kaburini, nililia na mama yangu nikiwa nimemshika mikono, na machozi yale sina. Nilimjibu maneno, na majibu yangu sina. Kulikuwa na mwanamke aliyekaa kwenye kivuli kile, alisikia kila kitu, pengine alielewa, pengine aliahidi kitu. Alitumia sura yangu na sauti yangu. Kisha akaondoka bila kuniachia hata neno moja.

Mdogo wangu alinifuata ndani, mikono ikiwa bado na povu la sabuni. Hakunifokea. Aliniambia alichosikia kwa jirani, akafunga mlango.

"Dada, kama alinilaani, niambie tu. Nitavumilia. Nilishavumilia miaka tisa."

Nikamwambia hakumlaani. Akauliza nimejuaje, ikiwa sikumbuki. Nilimwangalia alivyosimama pale, na nikafanya jambo ambalo nilidhani ni huruma.

"Nimekumbuka," nikasema. "Alikusamehe. Aliniambia nikwambie amekusamehe, na kwamba anawapenda watoto wako."

Uso wake ulifunguka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifunguka vile. Akaketi kitandani, akafunika mdomo kwa mkono wenye povu. Kisha akaniomba jambo dogo.

"Niambie kwa Kihangaza. Niambie alivyosema mwenyewe."

Ningeweza kutunga. Kihangaza ndiyo lugha niliyonyonya. Lakini mama alikuwa na namna yake ya kusema. Alikuwa na methali zake, alikuwa na neno alilomwita mdogo wangu tangu akiwa mchanga, ambalo hakulitamka tena tangu siku ya ndoa ile. Kama alimsamehe kweli, lazima alilitamka neno lile. Au labda hakulitamka. Sikujua nianze na lipi, na kichwa changu, kilicholoa dawa, hakikuwa na wepesi wa uongo wa pili. Nilianza sentensi, ikaishia njiani. Nikaanza nyingine, nikajikuta natafsiri Kiswahili changu mwenyewe, neno kwa neno, kama mwanafunzi ubaoni.

Alinitazama mpaka nikaacha. Uso wake ukajifunga taratibu.

"Basi yalikuwa mabaya," alisema. Akanawa mikono, akaenda kumwita mume wake waondoke.

Nilirudi hospitalini baada ya wiki moja. Daktari yule kijana alikuwepo. Nilimweleza yote, na safari hii ni mimi niliyekuwa nalazimisha kusikilizwa. Nilitaka kitu kimoja tu: dawa ya kunirudishia zile siku kumi na moja, au sindano, au namna ya kulazwa, chochote. Aliuliza nilikuwa nameza vingapi kwa siku. Nilipomtajia, aliweka kalamu chini.

Alinieleza taratibu. Alisema vidonge vile, hasa vikizidi na vikichukua muda mrefu, vinazuia akili kuhifadhi. Mtu anaongea, anacheka, anajibu sawasawa, hata aliyekaa naye hagundui, lakini yale yanayopita hayawekwi. Nikamuuliza kama hayawezi kurudi dawa ikiisha mwilini.

"Mama, hayakupotea," alisema. "Hayakuwekwa kabisa. Hakuna pa kuyatafuta."

Aliniomba msamaha kwa kutonifuatilia. Nikamwambia si kosa lake, na nilisema kweli, ingawa ningetamani liwe lake.

Alinikataza kuacha ghafla. Akanipangia kupunguza kidogo kidogo, nusu kwa nusu, robo kwa robo, kwa miezi minne. Nilikuwa nakata kidonge kwa wembe kwenye kisahani. Watu wanaambiwa kwamba kuacha dawa ni kuwa na moyo mgumu. Hawaambiwi kuhusu mwanga. Mwanga uliniumiza. Sauti ya kijiko kikigusa sufuria ilinipita kwenye meno. Mikono ilitetemeka hata nikanywa chai kwa bakuli kwa sababu kikombe kilimwagika. Nilitokwa jasho asubuhi yenye baridi. Na hofu, ambayo nilikuwa nimeifungia nje kwa miezi mitano, iliingia na kila kilichokuwa kimekusanyika huko nje. Siku moja, nikiwa nafua, nililia kwa ajili ya mama, kwa mara ya kwanza niliyoijua. Nililia nikiwa nimeinamia beseni mpaka jirani Msukuma akaja, akanishika mabega bila kuuliza. Kilio kile kilichelewa, na hakuna aliyekihitaji tena.

Mume wangu aliomba ruhusa akakaa nyumbani majuma matatu. Alipika, alifagia, alinipeleka kliniki. Alikuwa mwema kwangu. Lakini alipokuwa akinihadithia kitu alikuwa anakatiza katikati na kuniuliza, "Umelishika hilo?" Na bado anauliza.

Nilipomaliza robo ya mwisho nilifunga safari ya Nyabusozi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika kwa mdogo wangu. Sikuwahi kwenda mama akiwa hai kwa kuogopa kumuudhi, na hilo nalo ni langu. Nilishuka Lusahunga, nikapata gari la Biharamulo mjini, kutoka pale nikachukua bodaboda. Mkobani nilikuwa na barua ya daktari iliyopigwa muhuri, na ile karatasi ya maelezo inayokaa ndani ya boksi la dawa, iliyokunjwa mara nyingi. Nilikuwa nimekaa na karatasi ile miezi yote bila kuikunjua.

Nyumba yao ni ya tofali za kuchoma, ina mihogo mbele na kisima nyuma. Watoto wake watatu walikuja kunisalimia, shikamoo mama mkubwa, wakapanga mstari. Wa kati ana paji la uso la mama. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Shemeji yangu alinikaribisha kwa heshima. Mdogo wangu alileta maji ya kunawa, akaleta chai na mihogo, akakaa mbali kidogo. Nikatoa makaratasi yangu. Shemeji amesoma kidogo. Aliisoma barua ya daktari kwa sauti, polepole, kisha akaikunjua ile karatasi ya dawa na kufuata mistari midogo kwa kidole. Akafika mahali, akasimama. Akamwambia mke wake kwamba imeandikwa wazi, inasahaulisha, na kwamba mimi sikusema uongo.

"Nilisema uongo," nikasema. "Mara moja. Ule wa kwamba mama alikusamehe. Lakini sikukuficha kitu. Sijui alisema nini. Sitajua."

Mdogo wangu alichukua karatasi akaiangalia, ingawa ilikuwa kwa Kiingereza na yeye aliishia darasa la saba. Nilidhani ataniambia amenielewa, na nadhani ndicho nilichokifuata kule, niseme ukweli.

"Ingekuwa afadhali ungekuwa unanificha," alisema. "Anayeficha, ipo siku atachoka, atasema. Mimi nilikuwa naingoja hiyo siku."

Shemeji alitazama chini. Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima kwenda kumnyang'anya mtu kitu cha mwisho alichokuwa amebaki nacho, nikidhani nampelekea zawadi.

Tulikula. Mtoto wa kati alitaka kujua kama huko Rusumo ni kweli maji ya mto yanapiga kelele usiku na mchana, nikamwambia ni kweli. Mdogo wangu alinifungia mihogo mikavu kwenye mfuko, akanisindikiza hadi barabarani, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote. Njiani tulizungumza kuhusu ugonjwa wa mihogo uliozuka bondeni, na mbegu mpya walizoletewa na bwana shamba. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu mbegu zile. Nilimsikiliza kwa nguvu zangu zote, nikishika kila neno, nikilirudia kimya kimya ndani yangu, namna zinavyokomaa, zinavyoota, aina ipi inafaa udongo upi.

Bodaboda ilipofika alinipa mkono. Sasa ni mwaka na nusu. Simu zangu anapokea, ananisalimia, anauliza hali ya watoto, na baada ya hapo tunakaa kimya mpaka mmoja wetu aseme mtandao unasumbua.